Simu ya Mtumba au Kishikwambi cha Mtumba: Kipi Kinunuliwe Kwanza?

Familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe hununua kifaa cha kuingilia mtandaoni mara moja kwa miaka kadhaa, na mara nyingi kifaa hicho huwa kimeshatumiwa na mtu mwingine. Pesa zikishatoka, ni vigumu kuzirudisha. Kwa sababu hiyo ni vyema mkaazi ajue, kabla hajafika dukani, tofauti kati ya simu janja kuukuu na kishikwambi kuukuu, yaani tableti, na ni kipi kitakachoifaa nyumba yake.

Kosa linalofanyika mara kwa mara

Chukua mfano wa mama anayeuza viazi karai Mtongwe. Ameweka akiba ya shilingi 6,000. Kifungua mimba wake amepata nafasi ya chuo na anahitaji kuomba mkopo wa HELB. Wadogo zake wako shule ya msingi. Dukani anaonyeshwa simu janja ya inchi 5, na kando yake kishikwambi cha inchi 10 kwa bei ile ile. Anachukua kishikwambi kwa kuwa ni kikubwa na watoto wote wataweza kukitazama pamoja.

Anapofika nyumbani anagundua kwamba hakina mahali pa kutia laini. Kinatumia Wi-Fi peke yake, na nyumbani hakuna Wi-Fi. Mama mwenyewe anatumia kabambe. Ombi la mkopo linarudi kuwa kazi ya saiba, kwa malipo ya kila safari, huku tarehe ya mwisho ikikaribia.

Kishikwambi hicho si kibovu. Kilinunuliwa tu kabla ya kuulizwa swali la kwanza: nyumbani tayari kuna nini?

Laini ndiyo mlango

Huduma nyingi za umma siku hizi zimefungamanishwa na nambari ya simu. Anayefungua akaunti ya eCitizen, anayejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) au anayeomba mkopo wa HELB hutakiwa kutoa nambari yake, na mara nyingi hutumiwa nambari ya siri ya muda kwa SMS ili kuthibitisha kwamba ni yeye. WhatsApp nayo hufunguliwa kwa nambari ya simu. Malipo hupitia M-Pesa au Airtel Money, ambazo pia hukaa kwenye laini.

Simu janja, hata ikiwa ya miaka saba, hufanya hayo yote peke yake: hupokea SMS, hupiga simu, hulipa na hufungua tovuti. Kishikwambi huenda kisifanye. Vingi havina mahali pa laini kabisa. Vingine vinapokea laini lakini kwa intaneti tu. Ukijaribu kupiga simu au kubonyeza *334# havikubali. Vipo vinavyofanya yote, ila huwezi kujua kwa kutazama umbo. Ni lazima ujaribu kwa laini yako mwenyewe, papo hapo dukani.

Ikumbukwe pia kwamba kuna mambo yasiyohitaji kifaa kikubwa. Kutuma pesa kwa *334# na kufikia huduma za SHA kwa *147# kunawezekana kwa kabambe ya kawaida.

Nyumba tatu, majibu matatu

Nyumba isiyo na simu janja hata moja ianze na simu. Itabeba mawasiliano, malipo na maombi ya huduma, na itagawa intaneti kwa kifaa kingine kitakachonunuliwa baadaye.

Nyumba ambayo tayari ina simu janja nzuri, na ina watoto wa shule, itafaidika zaidi na kishikwambi. Kusoma kurasa za kitabu kwenye kioo cha inchi 5 kunachosha macho, na mtoto hulazimika kuvuta maandishi kila mstari. Kwenye inchi 8 au 10 ukurasa mzima huonekana. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) huweka vifaa vya masomo mtandaoni kupitia Kenya Education Cloud, na faida ya kioo kikubwa huonekana hapo. Mzazi naye hubaki na simu yake, badala ya kuiacha kwa watoto anapokwenda kazini.

Nyumba yenye kabambe, na mahali pa kuaminika pa kupata Wi-Fi, inaweza pia kuanza na kishikwambi. SMS ya uthibitisho itaingia kwenye kabambe, kisha mtu ataiandika kwenye kishikwambi. Njia hii haina kasoro, mradi Wi-Fi iwe ya uhakika.

Umri una uzito kuliko ukubwa

Muuzaji husifu kioo, kamera na rangi. Kinachoamua kama kifaa kitafanya kazi mwaka ujao ni toleo la mfumo wake. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu Kifaa, usome nambari ya Android.

Android 4.4, iliyotoka mwaka 2013, haipokei tena WhatsApp tangu Januari 2025. Kwa upande wa iPhone, WhatsApp inahitaji iOS 15.1 au zaidi tangu Mei 2025, kwa hivyo iPhone 6 na zilizoitangulia haziwezi tena, hata zikiwa safi kama mpya.

Vifaa vya kabla ya Android 7.1, iliyotoka mwaka 2016, vina tatizo jingine. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti cha usalama, na kifaa hukilinganisha na orodha ya vyeti kilichonacho ndani. Orodha ya vifaa hivyo imepitwa na wakati. Matokeo yake, baadhi ya tovuti hukataa kufunguka au huleta onyo kwamba si salama, ilhali kasoro iko kwenye kifaa. Mtu anayejaza fomu usiku wa mwisho hudhani mtandao umelala.

Kivinjari cha Chrome nacho, kuanzia toleo la Agosti 2025, kinahitaji Android 10, ya mwaka 2019. Kilichokuwamo kwenye kifaa cha chini ya hapo kitaendelea kufunguka, lakini hakitapata marekebisho mapya ya usalama. Kwa anayenunua leo, Android 10 au zaidi ndicho kiwango cha kutafuta. Chini ya Android 8, afadhali akiba iendelee kukaa kibubuni.

Vishikwambi vya bei nafuu huumia zaidi hapa, kwa sababu watu huvitumia miaka mingi bila kubadilisha na wengi wa watengenezaji huacha kuvitumia marekebisho mapema. Simu na kishikwambi vya mwaka mmoja vikilinganishwa, si ajabu kishikwambi kiwe na mfumo wa zamani zaidi na kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi. Kifaa chenye GB 1 ya kumbukumbu hiyo kitakwama kikifungua kurasa mbili; tafuta GB 2 kwenda juu.

Gharama baada ya kununua

Bando ndilo la kwanza. Kishikwambi kikiunganishwa na hotispoti ya simu, chenyewe huenda kikaona kimepata Wi-Fi ya bure. Huanza kusasisha programu zote kimyakimya, na bando la siku likaisha kabla mtoto hajafungua somo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo na kuiweka kama mtandao unaopimwa, kisha kuzima usasishaji wa kujiendesha. Video nazo zishushwe ubora, kwani kioo kikubwa huvuta picha nzito zaidi.

La pili ni chaji. Betri ya kishikwambi ni kubwa, na chaja ndogo ya simu huenda isiijaze hata usiku kucha. Kinahitaji chaja ya ampea 2 au zaidi. Betri ya kifaa chochote kuukuu hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mamia ya mara, hivyo usitarajie saa zilizoandikwa kwenye boksi. Ukiona kioo kimeinuka pembeni au mgongo umevimba, betri imeharibika. Usiichaje, usiitoboe na usiitupe kwenye moto wa taka, inaweza kulipuka.

La tatu ni fundi. Kioo na betri za simu zinazotumiwa na wengi hupatikana kwa mafundi wa mitaani. Kishikwambi cha jina geni kikivunjika kioo, kipuri kinaweza kukosekana kabisa. Hewa ya chumvi ya Pwani nayo huleta kutu kwenye tundu la chaji, kwa hivyo lichunguze kabla ya kulipa.

Kufuli zisizoonekana

Tangu Android 5.1, kifaa kilichofutwa kwa nguvu hudai akaunti ya Google ya mwenyewe wa awali. Bila nenosiri lake, hakifunguki. iPhone na iPad zina kufuli kama hiyo ya Apple. Muuzaji akikuonyesha kifaa kinachofanya kazi, usitosheke. Mwambie akifute chote mbele yako na kukiwasha upya mpaka ufike kwenye ukurasa wa mwanzo. Akikataa, ondoka.

Vifaa vilivyochukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo vina kufuli nyingine. Mkopaji akiacha kulipa, kampuni hukifunga kwa mbali, na hasara humwangukia aliyekinunua mkononi. Omba uthibitisho kwamba deni limemalizika.

Vishikwambi vya serikali si bidhaa ya sokoni. Kuanzia mwaka 2016 shule za msingi za umma zilipewa vifaa zaidi ya milioni moja chini ya mpango wa masomo ya kidijitali, na sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa vishikwambi. Kikipatikana mitaani kikiwa na alama za shule au za serikali, kisinunuliwe. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na bei nafuu si utetezi.

Hatua za kufuata dukani

1. Tia laini yako. Piga simu, pokea SMS, bonyeza *334#.
2. Soma toleo la Android na ukubwa wa kumbukumbu.
3. Bonyeza *#06# upate nambari ya IMEI, uilinganishe na ya kwenye boksi. Kishikwambi kisicho na laini hakina IMEI. Tumia nambari ya usajili iliyo kwenye Mipangilio.
4. Fungua tovuti ya huduma unayoihitaji hasa, kama eCitizen au HELB, mpaka ukurasa wa kuingia.
5. Chomeka chaja. Tikisa waya kidogo uone kama chaji inakatika.
6. Gusa kila pembe ya kioo. Jaribu spika, kinasa sauti na kamera.
7. Kifutwe na kuwashwa upya mbele yako.
8. Chukua risiti yenye jina la muuzaji, tarehe, bei na IMEI au nambari ya usajili.

Kazi hii huchukua karibu nusu saa. Kwa mkaazi wa Likoni aliyevuka feri kwenda kununua kisiwani, nusu saa hiyo ni nafuu kuliko kurudi kesho yake kumtafuta muuzaji.

Kabla ya kukiuza cha zamani

Anayebadilisha kifaa pia ana wajibu kwake mwenyewe. Hifadhi picha na nambari, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti ya Google, kisha futa kila kitu kupitia Mipangilio. M-Pesa hubaki kwenye laini na wala si kwenye simu, lakini nenosiri, picha ya kitambulisho na mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kubaki na kusomwa na mnunuzi.

Tukirudi kwa mama wa Mtongwe: kwa shilingi zake 6,000, na akiwa na kabambe tu nyumbani, kilichomfaa ni simu janja ya Android 10 iliyojaribiwa kwa laini yake. Ombi la mkopo lingejazwa nyumbani jioni ile ile. Kishikwambi cha wadogo kingefuata akiba ikijaa tena, na siku hiyo kingekuta simu ya kukigawia intaneti.