Worry: Kitenzi Kilichoanza kwa Kukaba Koo

Mwingereza wa leo akitamka neno worry, msikilizaji huelewa kwamba moyo wake hauna utulivu. Wahenga wake wa miaka elfu moja iliyopita wangeelewa jambo jingine: kuna mtu ananyongwa.

Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilikuwa wyrgan, yaani kunyonga. Ndugu zake wangali hai: Wajerumani husema würgen, Waholanzi wurgen, na maana imebaki ya kukaba koo. Katika Zama za Kati, Waingereza walilitumia neno hili malishoni. Mbwa mwitu alipomdaka kondoo shingoni na kumtikisa, hiyo ndiyo ilikuwa worry. Kufikia karne ya 16 lilitumika pia kwa mtu anayemwandama mwenziwe, na katika karne ya 17 likapata maana ya kumsumbua mtu hadi akose raha. Hata hivyo, kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado ilieleza kwamba maana yake ni kurarua kama mnyama araruavyo windo, na kumtesa mtu kikatili. Maana ya kujawa na wasiwasi ilikuja kuenea katika karne ya 19.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la kisarufi. Kwa karne nyingi hiki kilikuwa kitenzi elekezi: sharti awepo anayekaba na anayekabwa. Karne ya 19 ikakiruhusu kusimama bila yambwa. Aliyekuwa akikabwa akawa ndiye mtenda, na mkabaji akatoweka kwenye sentensi. Maana ya kale ilisalia kwenye sheria: sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 inayolinda mifugo dhidi ya mbwa ilitumia neno hili kwa mbwa anayeshambulia au kufukuza kondoo, na mwenye mbwa angeweza kushtakiwa.

Anxiety nalo lina asili ya aina hiyo. Limetokana na angere, neno la Kilatini lenye maana ya kubana au kukaba. Dhiki yetu pia inatokana na neno la Kiarabu la ufinyu, na wasiwasi unatokana na neno la mnong'ono. Lakini sisi bado tunasema, "wasiwasi umenishika," "hofu imeniingia." Katika sentensi hizo mtu ndiye anayetendwa.

Tofauti hiyo ina uzito. Lugha inapomfanya mwenye hofu kuwa mtenda, ni rahisi kumwamuru aache, kana kwamba amejitakia. Historia ya worry inatufundisha swali la haki zaidi: ni nini kimemkaba? Huenda ni deni, maradhi, kodi ya nyumba au ajira isiyo na uhakika. Anayetaka kumsaidia mwenye wasiwasi aanze kwa kumtafuta mkabaji.