Sakafu ya nyumba ya ziwani: hela ianzie wapi?

Nilipokunja kapeti la plastiki la sebuleni, nilikuta upande wa chini umeota ukungu mweusi na saruji imelowa kama imetoka kupigwa deki. Hakuna bomba lililopasuka. Ni unyevu wa ardhini uliokuwa ukipanda kupitia zege, na kapeti likauzibia pa kutokea. Dukani hakukuwa na kitu cha bei rahisi kuliko lile kapeti, nami nimelinunua mara tatu ndani ya miaka saba.

Kwa hiyo anayejenga kando ya Ziwa Victoria, iwe Mwanza au Musoma, namsihi aanze na chini. Kabla ya kumwaga zege la jamvi, tandika nailoni nzito isiyo na matundu, vipande vipandiane. Ni hela ndogo sana mbele ya bei ya vigae, na ukiruka hatua hiyo huwezi kuirudia bila kuvunja. Kama nyumba imekwishajengwa, bandika nailoni angavu ya nusu mita kwa nusu mita juu ya zege, uizibe kwa selotepu pande zote nne, ulale. Asubuhi ukiona matone kwa ndani, sahau mbao, lamineti na kapeti.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 5. Kusakafia kwa unene wa sentimita 4, saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo nne, kunakula kama mifuko sita ya kilo 50. Ukipiga niru juu yake, yaani uji wa saruji wa kulainishia, umemaliza. Adui wa niru ni haraka: fundi asipoimwagilia maji wiki nzima, itapasuka.

Ukitaka vigae, mifuko ile sita bado unaihitaji. Ongeza maboksi 16 ya vigae vya 60 kwa 60, vinne kila boksi, ukihesabu na vya kukatwa. Ongeza gundi, grauti na ujira wa fundi. Seramiki ni nafuu, lakini sufuria ikianguka rangi inabanduka na udongo unaonekana. Poseleni hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na mwili wake ni mgumu. Usinunue kinachong'aa. Watoto wanatoka ziwani miguu imelowa, imejaa mchanga. Maji yatawatelezesha, na mchanga utakwaruza ule mng'ao. Mwombe muuzaji akimwagie kigae maji, ukikanyage peku.

Terazo hudumu miongo mingi, ila inadai mashine ya kusagia na fundi anayeijua kweli. Kwa chumba kimoja hailipi.

Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, na maji yakaingia majumbani. Niru na poseleni zilizoshika vizuri huoshwa tope zikaendelea kutumika. Lamineti ikishavimba ni ya kutupa.

Kwangu sasa veranda ni niru, sebule ni poseleni isiyong'aa. Boksi moja la ziada liko stoo, kwa sababu mzigo mpya wa kigae kile kile mara nyingi huja na rangi iliyopishana kidogo.