Programu Huria na Njia Zake za Kumfikia Mtumiaji: Mfano wa LibreOffice

1. Utangulizi

Programu ya kompyuta huitwa huria iwapo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa kwa mujibu wa leseni. Hata hivyo, haki hiyo haimfai mwalimu wala mwanafunzi ambaye programu haijamfikia katika umbo linaloweza kutumika. Baina ya waundaji na mtumiaji ipo kazi isiyotajwa sana, nayo ni kuifunga programu katika kifurushi na kuisambaza. Makala hii inakusudia kuieleza kazi hiyo kwa mfano wa LibreOffice, programu ya kuandikia hati na kupigia hesabu katika majedwali.

Asili ya LibreOffice ni programu ya Kijerumani iliyoitwa StarOffice. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010, baada ya Sun kununuliwa na Oracle, kundi la waundaji lilijitenga na kuanzisha The Document Foundation. Toleo la kwanza thabiti la LibreOffice lilitolewa Januari 2011.

2. Sababu ya kuwa na vifurushi vingi

Msimbo wa LibreOffice umeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C++. Kompyuta haiwezi kuutekeleza jinsi ulivyo, bali ni lazima kwanza ugeuzwe kuwa lugha ya mashine. Mageuzi hayo hutegemea aina ya prosesa na mfumo endeshi. Ndiyo maana msimbo mmoja huzaa vifurushi mbalimbali: MSI kwa Windows, DMG kwa macOS, DEB kwa Debian na jamaa zake, na RPM kwa Fedora na mifumo inayofanana nayo. Hata katika Mac, zile zenye prosesa za Intel na zile zenye prosesa za Apple hupewa vifurushi tofauti.

Tena programu haijitoshelezi. Huhitaji maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kutayarishwa na wengine. Hapa pana njia mbili. Katika Debian, kila maktaba huwekwa mara moja tu, na kifurushi hutaja maktaba kinazozihitaji ili mfumo uzilete. Kwa njia hii vifurushi huwa vidogo, na kasoro ya usalama ikirekebishwa katika maktaba moja, programu zote zinazoitumia hupona pamoja. Lakini toleo lililomo katika mfumo huweza kuwa nyuma ya lile la waundaji.

Njia ya pili ni kuifunga programu pamoja na sehemu kubwa ya mahitaji yake, kama ifanyavyo AppImage katika Linux. Faili moja huchukuliwa katika diski ya flashi na kufunguliwa bila kusakinishwa, jambo lenye manufaa makubwa pale ambapo intaneti ni ghali au haipatikani. Gharama yake ni uzito wa faili, na kila programu kulazimika kurekebishwa peke yake.

3. Swali la uaminifu

Kwa kuwa leseni inaruhusu kugawa nakala, vifurushi hupita mikononi mwa watu wengi, na yeyote kati yao angeweza kupenyeza kitu kiovu. Kwa hiyo wasambazaji hutangaza alama ya SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64 zilizokokotolewa kutokana na faili yenyewe. Herufi moja ya faili ikibadilika, alama hubadilika pia. Ni lazima basi alama hiyo ipatikane kwa msambazaji mwenyewe, si katika flashi ileile iliyoleta faili, kwani aliyeiharibu faili angeweza kuiandika alama upya.

4. Nafasi ya Kiswahili

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org. LibreOffice nayo ina kifurushi cha lugha chenye alama sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Katika Linux na macOS kifurushi hicho hupakuliwa peke yake, baada ya programu kuu. Mtumiaji asiyejua kwamba kipo huikuta programu kwa Kiingereza, akadhani kuwa haijatafsiriwa.

Kwa msomaji wa Kongo kuna jambo la ziada. Orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3, inakitambua Kiswahili cha Kongo kwa alama yake, swc, lakini menyu anazosoma mtumiaji wa Lubumbashi au Bukavu hufuata istilahi zilizoteuliwa Dar es Salaam. Baadhi zitamfaa, nyingine atazikuta ngeni, hasa ikiwa amezoea maneno ya Kifaransa.

5. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba kutafsiri programu ni nusu ya kazi. Idara inayotaka wanafunzi wake waandike tasnifu kwa programu inayozungumza Kiswahili haina budi kuhifadhi vifurushi vya mifumo yote inayotumika chuoni, pamoja na kifurushi cha lugha, na kuvihakiki kwa alama zake kabla ya kuvigawa. Kwa kuwa leseni inaruhusu, idara hiyo inaweza pia kuzirekebisha istilahi na kupeleka mapendekezo yake kwa waundaji.