Ari ya Kazi Wakati wa Corona

Hospitali ya Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, iliijua milipuko kabla ya 2020. Vilima vya Kitutu, ilipo hospitali hiyo, vimo katika ukanda ambao watafiti wa malaria wameufuatilia kwa miaka mingi, kwani huko ugonjwa hauzoeleki kama kandokando ya Ziwa Viktoria. Hutulia, kisha baada ya mvua na joto huwavamia watu ambao miili yao haina kinga ya kutosha. Wimbi la namna hiyo lilizikumba nyanda za juu za magharibi mwa Kenya katikati ya 2002. Hata hivyo muuguzi alijua adui ni mbu. Mgonjwa aliyemtundikia dripu hangemwambukiza.

Corona, iliyothibitishwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, iliuondoa uhakika huo. Mgonjwa akawa wa kuogopwa, naye muuguzi akaogopa kurudi nyumbani kwa watoto wake. Je, mtu mwenye hofu, tena asiyeridhika na ajira yake, huharibu kazi?

Wengi watasema ndiyo. Takwimu haziko wazi hivyo. Mwaka 2001 mtafiti Timothy Judge na wenzake walijumlisha mamia ya vipimo vya kuridhika na utendakazi, wakapata uwiano wa 0.30. Kwa maneno mengine, kuridhika kunaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti kati ya mfanyakazi na mwenzake. Wapo wanaonung'unika na bado wanahudumia vizuri, na wapo waliotosheka ambao hawajishughulishi.

Kinachonivutia zaidi ni kazi ya watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu mkoani Arusha, Tanzania. Waliwahoji wagonjwa walipotoka kwa tabibu, kabla watafiti hawajaingia chumbani na baada ya kuingia. Macho ya mgeni yalipokuwapo, tabibu aliuliza maswali zaidi na kupima kwa makini. Baada ya wagonjwa kadhaa akamzoea mgeni, akarudia mwendo wake wa kawaida. Elimu, basi, alikuwa nayo tangu mwanzo. Bidii ndiyo iliyopanda na kushuka. Tafiti zilizofuata huko zilionyesha kwamba hata kutembelewa na daktari mwenzake na kuhimizwa tu kuliinua huduma.

Hapo wakubwa wa maofisini hufurahi: kumbe pongezi zinatosha! Humtaja mwanasaikolojia Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 alidai kwamba mshahara huzuia manung'uniko tu, ilhali ari huletwa na kazi yenyewe na kutambuliwa. Wanachosahau ni kwamba Herzberg aliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Sidhani walikuwa wakimkwepa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi.

Nchini Kenya, Desemba 2020, daktari wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa Corona alifariki kwa ugonjwa huohuo. Chama cha madaktari kilisema alikuwa hajalipwa kwa miezi kadhaa, wala hakuwa na bima ya matibabu. Mwezi huohuo wauguzi na matabibu waligoma, madaktari wakafuata tarehe 21, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya hatari. Sioni kwamba waliogoma walikuwa wamepoteza ari. Wengi wao walikuwa wamepokea wagonjwa kwa miezi tisa wakiwa na barakoa za kuhesabu, na ari hiyo ndiyo iliyowaweka wodini muda wote huo.

Ari inayotumiwa bila kujazwa huisha, na dalili zake mwanasaikolojia Christina Maslach alizieleza tangu 1981: kuchoka moyo, kumwona mgonjwa kama mzigo, na kuhisi kazi yako haina maana. Si rahisi kuziona katika ripoti ya mwezi ya hospitali, ambayo huhesabu wagonjwa na dawa. Lakini zinapimika. Patrick Mbindyo na wenzake walichapisha mwaka 2009 hojaji iliyojaribiwa katika hospitali 8 za wilaya nchini Kenya, ikiuliza juu ya uchovu, kuridhika, uaminifu kwa hospitali, hata kufika kazini kwa wakati. Maswali ni machache. Muuguzi anaweza kuyajibu kabla ya kupokea zamu.