KOCHA WA TIMU NDOGO: UNAWEZA KUIPANDISHA DARAJA BILA KUIFILISI?

Kijiweni kila kijana ni kocha. Mechi ikiisha utasikia: "Yule angetolewa mapema!" "Mimi ningemwanzisha yule dogo!" Kusema ni rahisi, bwana. Lakini hebu fikiria umepewa timu yenyewe. Tena siyo Arsenal wala Liverpool. Ni timu ya mji mdogo huko Uingereza, ina wachezaji 17, uwanja wa matope na pesa za kuungaunga. Ungeifikisha wapi?

Upo mchezo wa kompyuta unaokupa kazi hiyo hiyo. Katika gemu hili huchezi kwa kubonyeza ili mchezaji apige chenga. Miguu siyo yako. Kazi yako ni kuamua: nani asajiliwe, nani aachwe, alipwe kiasi gani, timu icheze vipi, nani apumzike. Halafu unakaa kando na kuangalia maamuzi yako yakizaa matunda, au yakikuumbua!

Gemu lilianzia wapi?

Ndugu wawili wa Uingereza, Paul na Oliver Collyer, ndio waliolitengeneza. Lilitoka mwaka 1992 likiitwa Championship Manager. Mwaka 2003 waliachana na kampuni iliyokuwa ikiwauzia, na jina likabaki kwa kampuni hiyo. Tangu 2004 gemu lao linaitwa Football Manager. Toleo lililotoka Novemba 2025 liliingiza ligi za wanawake kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo dada, usiseme hili ni la kaka zako tu.

Ndani ya gemu kila mchezaji ana alama kuanzia 1 hadi 20 kwa kila sifa: kasi, pumzi, pasi, umaliziaji, utulivu, moyo wa kujituma na nyingine nyingi. Alama hizo hukusanywa na mamia ya watu wanaofuatilia mpira katika nchi mbalimbali. Kazi yao si ya kitoto. Mwaka 2008 klabu ya Everton ilifanya makubaliano na watengenezaji ili itumie kumbukumbu hizo katika kutafuta wachezaji.

Ngazi ni ndefu

Soka ya Uingereza imepangwa kama ngazi. Juu kabisa ni Ligi Kuu yenye timu 20. Chini yake kuna Championship, League One na League Two, kila moja timu 24. Daraja la tano ni National League. La sita limegawanywa mara mbili, kaskazini na kusini. Gemu linakuruhusu kuanzia hapo chini, daraja la sita.

Piga hesabu. Kutoka la sita hadi Ligi Kuu ni lazima upande mara tano. Kila msimu wa madaraja hayo una mechi 46 za ligi. Hata ukipanda kila mwaka bila kukwama, ni mechi 230! Ndiyo maana anayetaka mambo ya haraka haraka huharibikiwa mapema.

1. Soma mkoba kabla ya kusoma mfumo

Kocha mgeni hukimbilia kupanga washambuliaji watatu. Kocha mwerevu hufungua kwanza ukurasa wa fedha. Huko chini timu nyingi hazina kabisa pesa za kununua mchezaji. Kilichopo ni fungu la mishahara tu.

Chukua mfano. Umepewa pauni 8,000 kwa wiki kwa wachezaji 20. Wastani ni pauni 400 kila mmoja. Anakuja mshambuliaji mwenye jina, anataka 1,500. Ukimpa, wenzake 19 wanabaki na 6,500, yaani kama 342 kila mmoja. Umepata mfungaji mmoja, lakini kipa na mabeki itabidi uwatafute kwa bei ya chini. Sasa jiulize: mabao yake yatazidi yale mtakayofungwa?

Angalia na vipengele vya mkataba. Baadhi ya mikataba husema timu ikipanda, mshahara nao unapanda wenyewe. Unashangilia ubingwa mwezi wa tano, kufika mwezi wa nane fungu limeshapasuka. Usiweke saini usichokisoma. Somo hilo litakufaa hata siku utakapopewa mkataba wa kazi au wa kupanga chumba.

2. Wachezaji huru na wa mkopo

Kama huna pesa, una macho. Kila msimu unapoisha, wachezaji wengi humaliza mikataba na kuachwa. Hao unawachukua bila kulipa ada. Wapo pia vijana wa timu kubwa wasiopata namba, ambao timu zao huwatoa kwa mkopo ili wapate mechi. Uliza tu swali moja: mshahara wake analipa nani? Mara nyingine timu kubwa hulipa sehemu kubwa au wote.

Usimdharau mtu kwa sababu ameachwa. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, wakisema ni mdogo wa umbo. Akaenda kuchezea Stocksbridge Park Steels kwa pauni 30 kwa wiki, huku akifanya kazi kiwandani. Mwaka 2012 Leicester City walimnunua kutoka Fleetwood Town, timu iliyokuwa imetoka kushinda daraja la tano, kwa pauni milioni moja. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza. Kuna waliomwangalia urefu, na kuna waliomwangalia kasi na roho yake.

3. Cheza mpira unaowezekana

Umeona timu kubwa zikigonga pasi kuanzia kwa kipa, nawe unataka hivyo hivyo. Pole sana! Beki wako ana alama 6 ya pasi na 5 ya utulivu. Ukimwambia aanzishe mashambulizi chini kwa chini, atampasia mpinzani.

Angalia kwanza ulichonacho. Una winga mwenye mbio? Mtupie mipira nyuma ya mabeki. Una mshambuliaji mrefu? Piga krosi, fanyia kazi kona na faulo. Mfumo huwafuata wachezaji. Na ukishaupata unaofaa, usiubadili kila ukifungwa mechi moja. Timu inahitaji muda wa kuuzoea.

4. Mchezaji siyo mashine

Katika madaraja ya chini wachezaji wengi ni wa muda. Mchana wanafanya kazi nyingine, mazoezi ni siku chache kwa wiki. Ukiwaamuru wakimbize mpira dakika 90, Jumamosi na Jumanne, utaona hali yao ya mwili inashuka. Kinachofuata ni misuli kuchanika, na huna wa kuziba nafasi. Gemu linakuonyesha wazi: aliyechoka hupoteza mpira, hukosea maamuzi, na huumia kirahisi. Kwa hiyo wabadilishe. Yule wa benchi naye ana kazi.

Kuna na moyo. Mchezaji aliyekaripiwa mbele ya wenzake kwa kosa dogo hushuka ari, na rafiki zake nao hukununia. Mchezaji uliyemwahidi namba halafu ukamweka benchi atakuja ofisini: "Kocha, ahadi yetu imeishia wapi?" Hapo longolongo haisaidii. Ahidi unachoweza kutimiza.

JE, WAJUA?
Bury ni klabu ya kaskazini mwa Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1885. Ilitwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Msimu wa 2018/19 ilicheza vizuri ikapanda kutoka League Two. Lakini nyuma ya shangwe hizo kulikuwa na madeni, na wachezaji na wafanyakazi walikuwa hawajalipwa mishahara. Tarehe 27 Agosti 2019 Bury iliondolewa kwenye ligi, baada ya kuwa mwanachama kwa miaka 125. Uwanjani ilishinda. Kwenye daftari la fedha ilifungwa.

Hapo ndipo ujue kwamba pesa za klabu siyo namba za kwenye skrini tu. Nyuma ya kila namba kuna mpishi, mfua jezi, mkata nyasi na mzee aliyekaa jukwaa lile lile tangu utotoni. Katika gemu ukifilisi timu unaanza upya. Watu wa Bury walikaa hadi 2023 ndipo timu yenye jina hilo ikarudi kucheza kwenye uwanja wao wa Gigg Lane, tena madaraja ya chini sana.

Lakini inawezekana!

Wapo waliopanda kweli. Luton Town walianza msimu wa 2008/09 wakiwa wamenyang'anywa pointi 30 kwa sababu za fedha na taratibu. Wakashuka hadi daraja la tano, wakakaa huko misimu mitano. Walirudi League Two mwaka 2014, wakapanda tena 2018, wakapanda tena 2019, na mwaka 2023 wakaingia Ligi Kuu. Kiungo Pelly-Ruddock Mpanzu, mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo, alikuwa nao safari nzima. Ndiye mchezaji wa kwanza kutoka daraja la tano hadi Ligi Kuu akiwa na klabu ile ile.

Hadithi haikuishia kileleni. Luton walishuka 2024, wakashuka tena 2025. Kupanda ni kazi, kubaki ni kazi nyingine.

Je, gemu linaweza kunifanya kocha?

Watu humtaja Will Still. Alilipenda gemu hili tangu utotoni, na Oktoba 2022, akiwa na miaka 30 hivi, akapewa timu ya Reims ya Ligi Kuu ya Ufaransa. Kwa miezi kadhaa timu yake haikufungwa kwenye ligi. Sasa wengine wanadhani alitoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi benchi. Siyo hivyo! Alisomea soka chuoni huko Uingereza, akafundisha watoto, akafanya kazi ya kuchambua video za mechi nchini Ubelgiji. Tena kwa kuwa hakuwa na leseni ya juu ya ukocha, Reims walitozwa faini ya euro 25,000 kila mechi aliyosimamia. Gemu lilimpa hamu. Shule ndiyo iliyompa kazi.

Na wewe kocha, nani anakuangalia?

Gemu hili lina ulevi wake. Unajiambia, "Mechi moja tu nikalale." Mara jogoo anawika, na kesho una mtihani wa hesabu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Wewe uliyempumzisha beki wako kwa sababu amechoka, mbona mwili wako unaunyima?

Shirika la Afya Duniani linatambua tatizo la kutawaliwa na magemu, na limo kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata unapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima au zaidi. Kucheza Jumamosi mchana siyo ugonjwa. Lakini ukianza kukwepa shule, chakula na marafiki kwa ajili ya timu isiyokuwepo, ongea na mtu mzima unayemwamini.

Panga muda kama unavyopanga mishahara. Amua mechi ngapi kabla hujawasha. Kila baada ya dakika 20 tazama mbali kidogo upumzishe macho. Halafu toka nje ukapige mpira wenyewe.

Swali: Sina kompyuta. Nifanyeje?
Jibu: Chukua daftari. Timu ya darasa lenu au ya mtaa ina wachezaji gani? Mpe kila mmoja alama kuanzia 1 hadi 20 kwa kasi, pasi na nidhamu. Andika michango iliyopo, gharama ya mpira, jezi na nauli. Panga kikosi cha mechi tatu bila kumchezesha mtu yeyote zote. Utashangaa jinsi maamuzi yanavyouma.

Jadilini darasani
• Una pesa ya kumlipa nyota mmoja, au vijana watatu wa kawaida. Utachagua nini, na kwa nini?
• Mfungaji wako bora anasema goti linamuuma, na kesho ni fainali. Utampanga?
• Tajiri anataka kuipandisha timu yenu kwa pesa za kukopa. Mtamuuliza maswali gani?