Kwa masafa ya chini, waya wako unaishinda antena ya dukani

Askari wa doria wa barabara kuu za California, Marekani, wamezungumza redioni kwa miongo mingi katika masafa ambayo vikosi vingi vya nchi hiyo vimekwisha kuyahama: kati ya megahezi 39 na 46. Ndio wale waliojulikana duniani kupitia tamthilia ya CHiPs, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1977. Kilichowaweka huko chini ni ardhi yenyewe. Jimbo lile lina safu za milima, majangwa na barabara ndefu zisizo na mji, na mawimbi marefu hupanda vilima na kushukia upande wa pili vizuri kuliko mawimbi mafupi ya megahezi 800. Mtambo mmoja kileleni huhudumia eneo ambalo kwa masafa ya juu lingedai mitambo kadhaa.

Kwa wanaopenda kusikiliza kwa skana, yaani redio inayopekua masafa, kona hii ya VHF ya chini, kuanzia megahezi 30 hadi 50, ina utamu usiopatikana kwingine. Wengi huikatia tamaa mapema, na aghalabu kosa si la skana. Ni la antena.

Skana ya mkononi huuzwa na antena fupi ya mpira, isiyozidi sana urefu wa kiganja. Kwenye megahezi 155 robo ya wimbi ni sentimita 46, kwa hiyo kijiti hicho bado kinajitahidi. Kwenye megahezi 42 wimbi zima lina takribani mita 7, na robo yake ni mita 1.7. Hapo kijiti ni kiziwi. Hata zile antena za paani zenye vijiti vilivyopangwa kama koni, zinazotangazwa kwamba zinapokea kuanzia megahezi 25, nyingi hudhoofika zikishuka chini ya 100. Siwalaumu watengenezaji. Kitu kirefu ni ghali kukisafirisha, na wateja wake ni wachache. Lakini kwa mtu mwenye kebo na kisu, urefu ndio kitu rahisi kuliko vyote.

Hesabu ni moja tu: gawanya 71.5 kwa masafa unayoyataka, utapata robo ya wimbi kwa mita. Kwa megahezi 42 jibu ni mita 1.70, kwa 46, mita 1.55, kwa 33, mita 2.17.

Antena ninayoipendekeza kwa anayeanza haihitaji hata kulehemu. Nunua kebo ya RG-58 ya mita 15 ambayo upande mmoja tayari imefungwa plagi ya BNC inayoingia kwenye skana. Upande wa pili pima mita 1.70, kisha uchune gamba la plastiki na wavu wa shaba ulio chini yake, ubakize waya wa katikati na ngozi yake nyeupe. Hiyo ndiyo nusu ya juu ya antena. Kutoka pale ulipoishia kuchuna, pima tena mita 1.70 kwenda chini bila kukata chochote, na hapo izungushe kebo mara sita hivi kwenye kipande cha bomba la maji la inchi mbili, mizunguko ikigusana. Kazi imekwisha.

Uzuri wake uko katika jinsi mkondo unavyosafiri. Mawimbi ya redio hutembea juujuu ya shaba, kwa hiyo wavu wa kebo una nyuso mbili zisizoingiliana: wa ndani unapeleka sauti kwenye skana, na wa nje unafanya kazi kama nusu ya chini ya antena. Ile mizunguko ya kwenye bomba huuzuia mkondo wa nje usiendelee kuteremka. Kebo moja imekuwa antena na njia yake kwa pamoja. Itundike kwa kamba kwenye tawi, ikiwa imesimama wima, kwa sababu antena za magari husimama wima. Ukiilaza utapoteza nguvu nyingi. Wala usiogope kebo ya bei ndogo. Masafa ya chini hayapotei sana njiani kama yale ya juu.

Mwenye gari ana njia ya mkato. Fimbo ya chuma ya inchi 102 ya redio za CB za madereva wa malori, ikikatwa ikabaki inchi 67, hufaa kwa megahezi 42, mradi iwe na bati la gari chini yake.

Ukishaitundika, adui anayebaki ni kelele. Taa za LED, chaja za simu na vibadilishaji umeme vya sola vyote hunguruma katika masafa haya, ndiyo maana mita kumi kutoka nyumbani zina thamani kuliko kipaza nguvu chochote cha dukani. Na ukizikimbia kelele za nyumba, utakutana na za angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Karl Jansky wa maabara za Bell alijenga huko Holmdel, New Jersey, antena ya mbao na mabomba ya shaba iliyozunguka juu ya magurudumu ya Ford Model T, akisikiliza megahezi 20.5. Alikuwa akitafuta chanzo cha mikwaruzo ya simu za redio. Akagundua kwamba sehemu yake inatoka katikati ya kundi letu la nyota. Kelele hiyo bado inasikika kwenye megahezi 40, na hakuna kipaza nguvu kinachoweza kuitenga na sauti ya askari.

Halafu kuna zile siku ambazo anga hugeuka kioo. Hasa kati ya Mei na Agosti, kwa nchi za kaskazini, tabaka za chembe zenye umeme hujitokeza kama kilomita 100 juu ya ardhi na kurudisha mawimbi chini, umbali wa kilomita 1,000 hadi 2,000. Mtu wa Ohio ghafla anasikia zimamoto wa jimbo la mbali. Jua likichachamaa, kama ilivyokuwa mwaka 2024, sauti huweza hata kuvuka bahari. Kwa msikilizaji hiyo ni sikukuu; kwa polisi ilikuwa kero, na ni mojawapo ya sababu zilizowahamisha wengi.

Masafa haya yana historia inayostahili heshima. Karibu na megahezi 39 ndiko polisi wa Connecticut walikoanzishia, mwaka 1940, mfumo wa kwanza wa FM wa kuzungumza pande mbili kwa jimbo zima, uliobuniwa na Daniel Noble, ambaye baadaye alijiunga na Motorola. Leo vikosi vinazidi kuhamia kwenye mitambo ya dijitali ya megahezi 700 na 800. Anayetaka kusikia asingoje.

Msomaji uliyeko Marekani, kwanza ulizia sheria za jimbo lako: kusikiliza nyumbani kwa kawaida kunaruhusiwa, lakini yapo majimbo yanayobana skana ndani ya gari, na sheria ya shirikisho inakataza kujinufaisha kwa uliyoyasikia. Kwetu Tanzania na Kenya, kunasa mawasiliano yasiyokuhusu ni kosa, usijaribu. Lakini hesabu ile ile itakusaidia kijijini ambako FM inakwaruza: kwa stesheni ya megahezi 97, kila nusu ya antena iwe sentimita 74. Popote ulipo, usiitundike mahali ambapo ikianguka itagusa nyaya za umeme, na wingu la radi likitanda, ichomoe kwenye redio na uitupe nje.