Ukumbi Huanzia Jikoni: Loji za Songwe na Wageni wa Makundi

Loji nyingi za Tunduma zilijengwa kwa ajili ya msafiri mmoja mmoja: dereva wa lori anayesubiri karatasi zake, mfanyabiashara aliyechelewa kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wakala wa forodha aliyetumwa kwa siku mbili. Huyo anataka kitanda, maji ya kuoga, mahali salama pa kuegesha na sahani ya wali au ugali. Wageni wa kundi ni habari nyingine. Wanafika 40 kwa mara moja, wote wanywe chai saa nne, wote wale saa saba, na mapumziko yakitangazwa wote waelekee chooni. Loji inayotaka kuwapokea haiwezi kuongeza viti tu ikadhani imepanuka.

Mahitaji yenyewe yapo. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yakawekwa Vwawa, wilayani Mbozi, hivyo vikao na semina nyingi za mkoa zikahitaji kumbi upande huu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3 mkoani, na Mji wa Tunduma peke yake ulivuka laki mbili. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu, kimeongeza sababu za maofisa na wafanyabiashara wa nchi mbili kukutana. Ongeza hapo vyama vya ushirika vya kahawa vya Mbozi, kwaya, vikoba, na sherehe za harusi na sendofu ambazo hushamiri baada ya mavuno.

Kuna pia safari za shule kwenda kuona Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, katika kijiji cha Ndolezi. Kila Juni 30, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa Siku ya Kimataifa ya Asteroidi, eneo hilo hupata wageni wengi kuliko kawaida. Wanafunzi hao aghalabu hawalali. Wanahitaji banda la wazi lenye kivuli, benchi, maji ya kunawa na chakula cha bei nafuu kinachotoka kwa haraka. Loji ya mji wa Mlowo au Vwawa inaweza kuwahudumia bila kujenga hata chumba kimoja kipya.

Ukubwa wa ukumbi ndipo wenye mali wengi wanapojidanganya. Kwa makadirio ya kawaida, mtu anayekaa kwenye safu za viti bila meza hutosheka na mita moja ya mraba hivi. Akiwekewa meza ya kuandikia, hitaji hupanda hadi mita moja na nusu au mbili. Sherehe yenye meza za duara nayo hula takriban mita moja na nusu kwa kila mgeni, kabla ya kutenga jukwaa la maharusi, meza ya keki, vifaa vya muziki na uwanja wa kucheza. Ukumbi wa mita 12 kwa 20, ambao kwenye bango utaandikwa kuwa unachukua watu 300, huingiza washiriki wa semina wasiozidi 160 na waalikwa wa harusi kama 120. Kwa loji ya vyumba 20 hadi 30 ukumbi huo unatosha sana. Siku ya kundi kubwa kuliko hapo, turubai kwenye bustani hugharimu kidogo kuliko ukumbi wa watu 500 unaokaa mtupu wiki tatu kwa mwezi.

Hali ya hewa nayo ina neno. Uwanda wa Mbozi uko juu na jioni za Juni na Julai zina baridi kali, kwa hiyo ukumbi wa nguzo tupu unaopendeza Dar es Salaam huwafukuza wageni hapa saa mbili usiku. Bonde la Momba na mwambao wa Ziwa Rukwa, kinyume chake, ni joto na hudai madirisha mapana. Kuanzia Novemba hadi Aprili tatizo ni mvua juu ya bati: pasipo dari nene, mtoa mada hasikiki hata kwa kipaza sauti. Dari huonekana kama pambo la kuahirishwa hadi pesa zipatikane, ilhali ndiyo inayoamua kama ukumbi utakodiwa wakati wa masika.

Jiko ndilo kipimo cha kweli. Jiko lililozoea kutoa sahani 30 kwa kuagiza haligeuki kuwa jiko la kulisha watu 150 kwa kuongeza sufuria. Linahitaji eneo la kuandalia nyama mbichi lililotengwa na la chakula kilichoiva, sinki zaidi ya moja, ghala kavu, friji ya kutosha na mlango unaofika ukumbini bila wahudumu kupita katikati ya wageni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili. Hotuba za harusi zinajulikana urefu wake; mpishi anayepakua mapema kwa sababu ratiba imesema saa mbili usiku anacheza na afya za watu. Kuhusu nishati, serikali imekwisha kuelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unasukuma upande huohuo. Jiko jipya lipangwe kwa gesi tangu kwenye mchoro.

Kisha bafe. Kila mgeni akitumia nusu dakika kupakua, watu 200 kwenye mstari mmoja watachukua dakika 100, na wa mwisho atakuta mchuzi mtupu. Meza mbili zinazofikiwa pande zote huleta mistari minne, na kazi hiyo huisha kwa dakika 25. Nafasi ya meza hizo lazima ihesabiwe kwenye eneo la ukumbi, au bora zaidi, iwe veranda pana iliyoezekwa kati ya ukumbi na jiko. Tunduma hukutanisha madereva na wafanyabiashara wa Pwani, Zambia, Kongo na nyanda za juu, kwa hiyo kitimoto kipikwe kwa vyombo vyake na kipakuliwe kwenye meza yake. Waislamu waliokaa kikao kimoja na wenzao hawapaswi kuanza kuulizana kuhusu kijiko.

Vyakula vya kujivunia viko jirani: mchele wa Kamsamba, samaki wa Rukwa, maharage na ndizi za Mbozi. Kahawa pia, ingawa si ajabu mgeni wa semina katika wilaya inayolima arabika kuwekewa mezani kahawa ya kopo. Birika kubwa na kahawa ya kusaga si gharama ya kutisha.

Maji na vyoo havionekani kwenye picha za matangazo, lakini ndivyo mgeni anavyovikumbuka. Tunduma imesumbuliwa na uhaba wa maji kwa miaka mingi. Kwa makadirio ya lita 20 kwa kila mgeni wa siku moja, kundi la 200 linamaliza lita 4,000, mbali na vyumba vya kulala. Matangi yaongezwe kabla ya viti, na mashimo ya maji taka yapimwe upya. Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, kimoja kiwe na mlango mpana kwa mwenye kiti cha magurudumu. Jenereta ibebe friji za jikoni, si taa na muziki pekee.

Maegesho ya Tunduma yana ugumu wa pekee. Foleni ya malori kuelekea mpakani huweza kuziba barabara kuu kwa kilomita kadhaa, na loji yenye lango moja linalofungukia hapo huchelewesha kundi zima. Lango la pili upande wa mtaani lina thamani kuliko chemchemi ya mapambo. Malori yatengwe na mabasi, kwani injini inayounguruma karibu na dirisha la ukumbi huua kikao.

Ratiba nazo zina mtego mdogo: Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kikao cha pande mbili kisipotaja saa ya nchi gani, nusu ya washiriki watakuta chai imepoa.

Ujenzi wenyewe unapita kwenye kibali cha halmashauri, ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na matakwa ya baraza la mazingira, NEMC, ikiwa ni pamoja na kelele za usiku. Milango ya dharura ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kufuli sherehe inapoendelea.

Upande wa fedha, kundi hulipa kwa mkataba: malipo ya awali, idadi ya mwisho ya sahani, na tarehe ambayo baada yake idadi hiyo haipunguzwi. Kwacha ya Zambia huzunguka mitaani Tunduma, lakini kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hivyo bei za ukumbi ziandikwe kwa shilingi. Tena si busara kuutegemea mkoba wa serikali pekee. Baada ya 2015 taasisi za umma zilielekezwa kutumia kumbi zao, na hoteli nyingi nchini ziliyumba. Wanaotaka semina hizo bado wanaweza kuzipata, ila ununuzi wa umma sasa hupitia mfumo wa NeST, na loji isiyosajiliwa humo haina nafasi ya kuzishindania.